Kicheko cha Watazamaji: Habari za Sinema ya Zamani

Maneno haya yamepigwa chapa pia, ili aliyeyasikia ayasome tena kwa utulivu, na mwanafunzi apate kuyachukua nyumbani na kuwasomea wazee wake.

Jambo nitakalolieleza ni dogo kwa sura, lakini lina maana kubwa. Ni habari za picha ya sinema ya kuchekesha, fupi sana, iliyotengenezwa kwa gharama ndogo katika nchi ya Marekani mwaka 1914. Tena ni habari za watu wa Afrika waliotazama picha za namna ile katika viwanja vya vijiji, usiku, chini ya nyota. Maana zamani walikuwako wakubwa waliosema kwamba mwanakijiji hana akili ya kufahamu sinema upesi. Walisema hivyo katika vitabu na katika magazeti ya kazi yao. Mwanakijiji hakuandika kitabu cha kuwajibu. Alicheka tu, na kicheko chake kilikuwa jawabu.

Kwanza tuitazame picha yenyewe. Mwaka 1912 bwana mmoja aitwaye Mack Sennett alianzisha kampuni ya sinema iliyoitwa Keystone, karibu na mji wa Los Angeles. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vichekesho vifupi, kimoja baada ya kingine, kama mfinyanzi afinyangavyo vyungu vya kupeleka sokoni. Hawakupenda kutumia fedha nyingi. Wakisikia mahali fulani pana sherehe au mashindano, waliwapeleka waigizaji wao pale pamoja na kamera, wapate umati wa watu bila kumlipa hata mmoja. Picha moja ilimalizika kwa siku chache, na pengine kwa siku moja tu.

Mwishoni mwa mwaka 1913 alifika katika kampuni hiyo kijana Mwingereza, jina lake Charlie Chaplin. Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889, akakulia London katika umaskini mwingi. Mama yake aliugua, na mtoto akapata kulala katika nyumba ya maskini, akila chakula cha sadaka. Tangu utoto alikuwa akicheza michezo ya jukwaani ili apate riziki, na ilikuwa safari ya kikundi cha wachezaji iliyomfikisha Marekani. Keystone walimwajiri kwa mshahara wa dola 150 kwa juma.

Mapema mwaka 1914 palikuwa na mashindano ya magari madogo ya watoto katika mji wa Venice, huko California. Sennett akapeleka watu wake. Picha iliyopatikana siku ile iliitwa Kid Auto Races at Venice, ikatolewa tarehe 7 Februari 1914. Urefu wake ni dakika 6 hivi. Yasemekana kuipiga hakukuchukua hata saa nzima. Katika picha hiyo ndipo watu walipomwona Charlie kwa mara ya kwanza katika yale mavazi ambayo baadaye dunia nzima iliyajua: suruali pana inayompwaya, koti la kumbana, kofia ndogo, viatu vikubwa, sharubu fupi, na bakora mkononi.

Hadithi yake ni nyepesi. Mpiga picha amekuja kupiga picha za mashindano. Mtu mmoja asiyejulikana, fukara lakini mwenye maringo, anapita mbele ya kamera. Anaondolewa. Anarudi, anajifanya anatazama magari, kumbe anataka aonekane yeye. Anasukumwa, anaanguka, anainuka, anajikung'uta vumbi, na mara amerudi tena katikati ya picha. Watazamaji wa mashindano, ambao hawakuwa waigizaji, wanamkodolea macho bila kujua ni nani. Ndani ya sinema yenyewe twaiona kamera nyingine na bwana wake aliyeghadhibika. Basi, ndiyo hadithi yote. Ni mtu aliyeambiwa ondoka, naye akakataa kuondoka.

Mwaka ule mmoja Charlie alionekana katika picha zaidi ya 30 za Keystone. Mwaka 1915 akahamia kampuni nyingine, na mwaka 1916 akahamia nyingine tena, iliyomwahidi dola 670,000 kwa mwaka. Yule fukara mwenye bakora aliendelea kutokea, picha baada ya picha, hata mwaka 1936, ilipotolewa ile iitwayo Modern Times. Hiyo ni miaka 22. Tena katika kamusi za Kiswahili limo neno chale, maana yake mtu wa kuchekesha watu. Mimi kila nilisikiapo neno hilo hulikumbuka jina la Charlie.

Sasa turudi kwetu Afrika ya Mashariki. Katika miji ya pwani sinema ilifika mapema. Unguja, mathalan, jumba kubwa la sinema lililoitwa Royal lilifunguliwa mwaka 1921. Lakini watu wa mashamba hawakuwa na jumba. Walingoja sinema iwaendee, na ilipowaendea ilichukuliwa na watu waliokuwa na shabaha yao.

Mwaka 1935 ulianzishwa mpango wa kutengeneza sinema za mafundisho kwa ajili ya Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, nchi ya Tanganyika. Wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham, na fedha nyingi zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wamekwisha tengeneza picha 35. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16 ili kupunguza gharama, na sauti haikuwa katika filamu bali katika sahani za santuri, ili picha moja ipate kuelezwa kwa lugha mbalimbali. Kazi ya kulinganisha santuri na picha ilikuwa ngumu, lakini walijitahidi. Lori lao lilisafiri Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi zinazoitwa leo Zambia na Malawi.

Picha zao zilihusu kilimo, ngozi, kodi, na magonjwa. Moja ilihusu benki ya akiba ya Posta. Watu wawili wanapata mishahara. Mmoja anazika fedha yake chini ya nyumba yake, na mwizi anaichukua. Wa pili anaweka fedha yake Posta, nayo inakuwa salama. Mafundisho kama hayo si mabaya, na mwenye kutaka kuyadharau na afikiri kwanza ni watu wangapi waliopoteza fedha zao shimoni. Ila yafaa tuone kwamba anayesema katika picha ni mwalimu, na anayetazama amefanywa mwanafunzi daima.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni. Mkuu wake alikuwa William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na kuonyesha sinema huko. Idara hiyo ilitoa picha nyingi, kama ile ya mwaka 1940 iliyoonyesha jamaa moja ya Waingereza wakipitisha siku yao nyumbani. Ilitoa pia gazeti lake, na humo ziliandikwa kanuni za kutengeneza picha kwa mtazamaji wa Afrika. Zilisema hivi: picha iende polepole, kila jambo lionyeshwe kwa muda mrefu, pasiwe na vitu vingi kwa mara moja, pasiwe na hila za kamera, mtu akiondoka hapa na kufika pale, njia yake ionekane, asije mtazamaji akapotea.

Hoja yao iliegemea hadithi zilizopita kutoka kinywa hata kinywa. Iliyojulikana sana ni ile ya mbu. Yasemwa kwamba wanakijiji walionyeshwa mbu aliyekuzwa mpaka akajaza shuka lote, nao wakajibu kwamba kwao ugonjwa huo hauwezi kuwako, maana mbu wao ni wadogo. Hadithi hiyo ilisimuliwa mara nyingi, mahali pengi, na baada ya miaka mingi wanahistoria waliichunguza na kuitilia shaka. Mimi nauliza neno moja tu. Mtu aliyelala usiku wote pwani ya ziwa akipiga mbu kwa kiganja, akajibu vile mbele ya mgeni mwenye mashine, je, alikuwa mjinga, au alikuwa akifanya mzaha? Mgeni asiyeijua lugha ya mzaha huandika kila kitu kuwa kweli. Ndiyo maana wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza.

Hapa ndipo Charlie anapoingia tena. Magari yale ya sinema, yaliyozunguka katika nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza, hayakuchukua mafundisho matupu. Waonyeshaji walijua kwamba watu hawatakaa saa mbili kutazama habari za minyoo na mbolea tu. Kwa hiyo walitia katika orodha yao vichekesho vya zamani, na miongoni mwavyo picha za Charlie, zilizokatwa na kufupishwa. Zilikuwa za bei ndogo, zilikuwa zimekwisha zeeka huko zilikotoka, na hazikuwa na maneno ya kutafsiriwa. Ziliwekwa kama mtu atiavyo chumvi katika mboga. Lakini wageni wa karamu hiyo mara nyingi waliijia ile chumvi.

Fikirini sasa jinsi picha hizo zilivyovunja kanuni zote nilizozitaja. Charlie haendi polepole. Anaingia huku na kutokea kule. Watu wanakimbia, wanagongana, mlango unafunguliwa na mwingine unafungwa, na jambo moja halijaisha kabla la pili halijaanza. Nchi ni ngeni, nyumba ni ngeni, mavazi ni mageni. Kama ilikuwa kweli kwamba mwanakijiji apotea picha ikienda upesi, basi angalikaa kimya, ameduwaa. Lakini hakukaa kimya. Alicheka, na watoto wakaiga mwendo wa Charlie kwa vijiti mikononi mwao.

Pengine mtu atasema, kucheka si ushahidi wa akili. Hata mtoto mchanga hucheka. Jawabu langu ni hili. Iko namna ya kicheko kitokacho katika mwili, kama mtu akitekenywa. Iko namna nyingine itokayo katika ufahamu. Ili nicheke nionapo mtu mwenye maringo akiteleza, sharti kwanza nijue kwamba ana maringo. Sharti nitambue alichokusudia kufanya, nitazamie matokeo, kisha nione matokeo mengine. Mambo hayo matatu hupita moyoni kwa nukta moja, lakini hupita. Katika ile picha ya magari ya watoto, kuanguka kwa Charlie si kichekesho chenyewe. Kichekesho ni kwamba mtu asiyealikwa ataka kuwa mkubwa wa shughuli. Ni kijiji gani kisichomjua mtu wa namna hiyo? Yuko arusini, yuko barazani, yuko hata matangani. Mwanakijiji alipomwona alimtambua mara moja, ijapokuwa alivaa kofia ya Ulaya.

Tena, watu wetu hawakuwa wageni katika kupima michezo. Katika Usukuma zimekuwako kwa muda mrefu jamii mbili za ngoma zinazoshindana, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, wakati kazi za shamba zimepungua, makundi hukutana uwanjani, hili upande huu na hili upande ule, na yote mawili hucheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta mbinu ya kuwavuta watu. Wako wenye kurusha majembe hewani na kuyadaka, wako wenye kucheza na nyoka, wako waliotumia sanamu za mbao, na wako wenye vituko vya kuvunja mbavu. Mtazamaji anapohama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, miguu yake ndiyo kura yake. Mtu aliyelelewa katika uwanja wa namna hiyo ni hakimu wa michezo tangu utoto. Anajua kituko kilichotungwa vema na kituko kilicholegea. Kumfikiria mtu huyo kuwa hajui kutazama ni kutomjua.

Liko jambo la pili la kuangalia. Katika miaka ile baadhi ya watawala waliogopa sinema za Marekani. Hofu yao haikuwa kwamba watu hawatazifahamu, bali kwamba watazifahamu mno. Waliona hatari Mwafrika akimwona Mzungu ameiba, amelewa, au amepigwa. Na katika vichekesho vya Charlie polisi hukimbizwa, tajiri humwagiwa maji, na bwana mkubwa hupigwa teke. Angalieni basi jinsi hoja hizo mbili zinavyopingana. Mkono mmoja uliandika kwamba mtazamaji hafahamu, na mkono wa pili ulikata filamu kwa kuogopa kwamba atafahamu. Hoja zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa mtu yule yule. Mimi nadhani ile hofu ilikuwa karibu zaidi na kweli kuliko zile kanuni.

Baadaye likatokea jambo jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika, pamoja na kampuni ya Afrika Kusini iitwayo African Film Productions, ilitengeneza picha za hadithi kwa Kiswahili, zikichezwa na Waafrika wenyewe. Moja yao iliitwa Muhogo Mchungu, nayo ilikuwa kichekesho. Mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam bila kuyajua mambo ya mji, na wajanja wa mji wanamfanya chakula chao. Miongoni mwa waigizaji wake wakubwa alikuwa kijana aliyezaliwa Songea mwaka 1926 na kusoma Tabora, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiye yule yule aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, na mwezi wa Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Picha hiyo nayo yataka kupimwa kwa haki. Charlie alikuwa fukara aliyewacheka wakubwa, na sisi tulicheka pamoja naye. Katika Muhogo Mchungu mtu wa shamba ndiye anayechekwa, na funzo lake ni lile la wakubwa: mji una hatari, ukae kwenu. Twaweza kusema kwamba mtawala bado alikuwa ameshika kalamu. Lakini sauti zilikuwa zetu, nyuso zilikuwa zetu, na mzaha ulisemwa kwa Kiswahili bila mkalimani. Aliyekuwa akitazama tu sasa alisimama mbele ya kamera. Baada ya miaka kumi hivi, mmoja wa waigizaji wale alikuwa akiongoza serikali. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyomfikisha huko. Vyama vya wafanyakazi na siasa ya uhuru ndivyo vilivyomfikisha. Nasema tu kwamba wale waliodhani mtu wa Afrika hufaa kuwa mwanafunzi wa picha daima hawakujua ni nani aliyekuwa amesimama mbele ya mashine yao.

Basi, wasikilizaji, tujifunze nini katika habari hizi? Ninyi wanafunzi, mnaposoma kitabu kinachosema watu fulani hawakufahamu, ulizeni kwanza: aliyeandika alijuaje? Je, alijua lugha yao? Je, alikaa nao hata akajua mzaha wao na kweli yao? Historia nyingi iliandikwa na aliyeshika taa ya mashine, na kidogo sana iliandikwa na waliokaa mbele ya shuka.

Na kazi iko mbele yenu. Gari la sinema na mashine yake ya umeme iliyonguruma ni mambo yaliyopita. Siku hizi picha hutazamwa katika simu mkononi. Hata kivuko cha Kigongo na Busisi, kilichowavusha watu kwa miaka mingi, kimepata mrithi: daraja lenye urefu wa kilometa 3 hivi lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025. Mambo hupita upesi, na wanaoyakumbuka hupita pia. Wako bado wazee waliokaa chini uwanjani na kutazama. Nendeni kwao kwa adabu, waulizeni: gari lilisimama wapi? Nani alikuwa akifasiri? Mlionyeshwa nini? Na mlicheka wapi, kwa sababu gani? Andikeni majibu yao, pamoja na jina la kijiji na mwaka wanaoukumbuka. Swali la mwisho msilisahau, maana pale walipocheka ndipo walipokuwa wakihukumu, na hukumu yao haijaandikwa bado.

Kwa herini.